Beaucastel, Rayas au Vieux Télégraphe? Ulinganisho wa nyumba tatu za Châteauneuf-du-Pape

Ukipanga glasi tatu juu ya kitambaa cheupe, ya kwanza ikiwa na mvinyo wa Château de Beaucastel, ya pili wa Château Rayas na ya tatu wa Domaine du Vieux Télégraphe, mgeni wa mambo haya ataanza kuzitofautisha kabla hajazinusa. Beaucastel ina wekundu mzito unaoelekea weusi. Rayas ni nyepesi kiasi kwamba kidole kilichowekwa nyuma ya glasi huonekana, na wasioijua hudhani imechujuka. Vieux Télégraphe imekaa katikati, nyekundu ya rubi, bila kujionyesha. Zote tatu ni mvinyo mwekundu wa jina moja la kisheria, zimetoka katika mashamba ambayo mtu anaweza kuyazunguka kwa baiskeli kwa siku moja, na zimetengenezwa chini ya kanuni zilezile. Kwa hiyo anayetaka kununua chupa moja asianze kwa kuuliza ipi ni bora. Aulize anapendelea zabibu gani, na ataifungua chupa yake lini.

Châteauneuf-du-Pape iko kusini mwa bonde la mto Rhône, kaskazini kidogo ya Avignon, mji ambao mapapa waliufanya makao yao kuanzia mwaka 1309. Papa Yohane XXII alijenga pale kijijini ngome ambayo magofu yake bado yamesimama kilimani, na neno "Pape", yaani Papa, katika jina la mahali limetokana na mapapa hao. Kanuni za kilimo na utengenezaji zilianza kuandikwa katika miaka ya 1920 kwa juhudi za Baron Pierre Le Roy wa Château Fortia, na mwaka 1936 eneo hili likawa miongoni mwa ya kwanza nchini Ufaransa kupewa jina linalolindwa na sheria. Mavuno hayaruhusiwi kuzidi hektolita 35 (lita 3,500) kwa hekta, kilevi hakiruhusiwi kupungua asilimia 12.5 (siku hizi asilimia 14 au 15 ndilo jambo la kawaida), na zabibu huchumwa kwa mkono. Hili ndilo eneo ambalo meya wake, mwaka 1954, alipiga marufuku visahani vya angani kutua katika mashamba ya mizabibu, na marufuku hiyo imezingatiwa vizuri mpaka leo.

Muhimu zaidi kwa mchaguzi ni kwamba kanuni zinaruhusu aina 13 za zabibu, bila kumlazimisha mtu kutumia kiasi fulani cha aina yoyote. Takriban robo tatu ya eneo zima limepandwa Grenache, zabibu yenye sukari nyingi, rangi kidogo na utamu wa matunda, ambayo huwahi kuharibiwa na hewa. Mtengenezaji anaweza kutumia hiyo peke yake, au akaichanganya na nyingine chache, au akachukua zote 13. Hapo ndipo nyumba zetu tatu, yaani mashamba haya matatu yanayotengeneza mvinyo wao wenyewe, zinapoachana njia.

Beaucastel imechukua zote 13. Shamba lenyewe liko Courthézon, pembe ya kaskazini-mashariki ya eneo, mahali ambapo upepo wa mistral unaotoka kaskazini hupiga bila kizuizi. Ardhi ya juu imefunikwa kwa mawe ya mviringo, mengine makubwa kama nazi iliyofuliwa, yaliyoachwa na mto Rhône zamani sana. Chini yake kuna mchanga, udongo wa mfinyanzi na chokaa. Mawe hayo hukusanya joto la mchana na kulitoa usiku, na udongo wa chini hutunza maji wakati wa kiangazi. Jina la shamba limetokana na Pierre de Beaucastel, aliyenunua ghala na ardhi mahali hapo mwaka 1549. Mwaka 1909 lilinunuliwa na Pierre Tramier, likapita kwa mkwe wake Pierre Perrin, kisha kwa Jacques Perrin, na tangu Jacques alipofariki mwaka 1978 limekuwa mikononi mwa wanawe Jean-Pierre na François pamoja na kizazi kilichofuata.

Jacques Perrin ndiye anayefaa kutajwa kwa urefu, kwa sababu ladha ya Beaucastel ya leo ni matokeo ya ubishi wake. Wakati wakulima wengi wa enzi yake walinyunyizia dawa kadiri walivyoweza kuzinunua, yeye aliacha dawa na mbolea za viwandani tangu miaka ya 1950. Wakati majirani waling'oa zabibu zisizo na faida na kuongeza Grenache, yeye alizidisha Mourvèdre. Zabibu hii huiva kwa kuchelewa, hudai jua kali kichwani na unyevu mizizini, na mkulima asiye na subira huikatia tamaa. Lakini huupa mvinyo rangi nzito, ukakasi imara na harufu ya ngozi, nyama na viungo vikavu. Juu ya yote, huukinga mvinyo dhidi ya hewa, jambo ambalo Grenache haiwezi kulifanya. Katika mchanganyiko wa kawaida wa Beaucastel, Mourvèdre na Grenache huwa karibu sawa, kama asilimia 30 kila moja, kisha Counoise na Syrah kama asilimia 10 kila moja, na zilizobaki hugawana sehemu ya mwisho. Counoise, zabibu ambayo wengi hawaijui kwa jina, huleta harufu ya pilipili manga na uchachu unaouchangamsha mvinyo mzito. Mashamba ya Châteauneuf yanayotumia Mourvèdre kwa kiwango hicho ni ya kuhesabika.

Jambo la pili lililorithiwa katika nyumba hii ni kuzipasha zabibu moto. Zabibu zilizochambuliwa hupitishwa kwenye joto la takriban nyuzi 80 kwa muda mfupi sana, ganda likapata moto bila tunda lote kuiva, kisha hupozwa kabla ya kuchachuka. Lengo ni kuvizima vimeng'enya vinavyoharakisha kuharibika kwa rangi na harufu, na kulilainisha ganda lipate kutoa rangi yake bila kukamuliwa kwa nguvu. Kila aina huchachushwa peke yake, Grenache katika matangi ya saruji, Mourvèdre na Syrah katika matangi ya mbao, na mchanganyiko hufanywa baadaye. Kisha mvinyo hulala kama mwaka mmoja katika mapipa makubwa ya mwaloni, ambayo hayatii harufu ya mbao mpya. Anayependa mvinyo unaonukia vanila na mbao iliyochomwa hataipata hapa, wala katika nyumba nyingine mbili.

Beaucastel ikiwa changa, ndani ya miaka mitatu au minne ya kwanza, hutoa zambarau nyeusi, forosadi, zeituni nyeusi na majani makavu ya vilima vya Provence, na ukakasi wake hukamata ulimi pembeni. Halafu hujifunga. Chupa ambayo ilizungumza vizuri ikiwa na miaka minne inaweza kunyamaza kabisa ikiwa na miaka saba, ikawa ngumu na bubu, na mwenye nayo akadhani amepunjwa. Ikifunguka tena, kwa kawaida baada ya miaka kumi au kumi na miwili, huwa kitu kingine: ngozi ya tandiko, tumbaku, nyama iliyoning'inizwa, udongo wa msituni baada ya mvua. Sehemu ya harufu hiyo ya ngozi na zizi, hasa katika chupa za miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, imekuwa chanzo cha mabishano kwa muda mrefu. Wapo wanaosema ni Mourvèdre yenyewe, na wapo wanaosema ni chachu ya Brettanomyces, ambayo wataalamu huihesabu kuwa kasoro inapozidi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina ukweli, na chupa za miaka ya karibuni ni safi zaidi kuliko zile. Ila anayechukia kabisa harufu ya ngozi mezani, ajue kwamba nyumba hii si yake.

Tangu mwaka 1989 familia pia hutoa, katika miaka bora tu, mvinyo uitwao Hommage à Jacques Perrin, ambao sehemu yake kubwa ni Mourvèdre ya mizabibu mizee. Ni wa kuwekwa miongo, bei yake ni ya kuogofya, na asiyekuwa na subira ya kungoja Beaucastel ya kawaida hana sababu ya kuusogelea.

Rayas ni kinyume karibu kwa kila jambo. Hakuna mawe ya mviringo pale. Kuna mchanga mwepesi, na viwanja vyake vitatu, Le Cœur, Le Levant na Le Couchant, vimezungukwa na miti inayoleta kivuli na ubaridi, na baadhi yake vinatazama kaskazini. Katika nchi ya jua kali kama hiyo, mahali pa baridi ni mali. Familia ya Reynaud ililinunua shamba mwaka 1880. Louis Reynaud ndiye aliyelipa sifa, mwanawe Jacques akaieneza mpaka alipofariki mwaka 1997, na baada yake mpwawe Emmanuel akashika kazi. Jacques alijulikana kwa haya na kwa kuwakwepa wageni, na ghala lake kuukuu lilikuwa la kushangaza kwa mtu anayefikiri kwamba mvinyo ghali lazima utoke mahali panapong'aa.

Mvinyo mwekundu wa Rayas ni Grenache tupu. Zabibu huachwa mizabibuni mpaka ziive sana, huchachushwa pamoja na vikonyo vyake bila kupukuchuliwa, kisha mvinyo hukaa katika mapipa makuukuu yasiyo na ladha yoyote ya mbao. Mazao ni haba mno, chini sana ya kile sheria inachoruhusu. Kinachotoka ni mvinyo wa rangi hafifu wenye nguvu ya kilevi isiyosikika kinywani, unaonukia stroberi zilizopikwa, waridi kavu, maganda ya chungwa na viungo vitamu. Ukakasi upo, lakini ni laini kama unga. Mtu anayeipenda Pinot Noir, zabibu nyekundu ya rangi hafifu ya Burgundy, mashariki mwa Ufaransa, ataielewa Rayas haraka kuliko mtu aliyezoea Châteauneuf nyingine. Binafsi naiona kuwa ndiyo yenye harufu nzuri kuliko zote tatu, na bado simshauri mtu aitafute kwa udi na uvumba. Chupa ni chache, bei yake sokoni imepanda hadi kuwa mara nyingi ya ile ya Beaucastel, na kwa sababu hiyo chupa za bandia za nyumba maarufu namna hii ni hatari ya kweli kwa anayenunua kwa mtu asiyemfahamu. Wenye shauku nayo waanze na mvinyo mingine iliyokuwa mikononi mwa Emmanuel Reynaud: Pignan, ambao pia ni Châteauneuf wa Grenache, Château de Fonsalette wa Côtes du Rhône (jina la jumla la mvinyo wa bonde hili), au Château des Tours wa Vacqueyras, kijiji cha jirani. Hata hiyo si rahisi siku hizi, lakini mkono ulikuwa uleule.

Vieux Télégraphe inahitaji maneno machache, na hilo halina maana kwamba thamani yake ni ndogo. Shamba liko upande wa kusini-mashariki, katika uwanda wa La Crau, ambako mawe ya mviringo yamejaa kiasi kwamba udongo hauonekani. Familia ya Brunier imelima hapo tangu mwaka 1891, na jina limetokana na mnara wa telegrafu ya ishara, iliyobuniwa na Claude Chappe, uliosimama mahali hapo. Mchanganyiko wake una Grenache kama asilimia 65, kisha Mourvèdre na Syrah kama asilimia 15 kila moja, na zilizobaki ni Cinsault na nyingine. Kwa maneno mengine, ni Grenache yenye uti wa mgongo. Mvinyo wake una matunda mekundu na meusi, chumvichumvi ya mawe, shamari kidogo, na ukakasi ambao mtu anaweza kuuvumilia baada ya miaka mitano au sita bila mateso. Nyumba hii pia ina mvinyo wa pili uitwao Télégramme, wa mizabibu michanga zaidi, ambao hunyweka mapema. Mwaka 2002, mvua kubwa za Septemba zilipoharibu mavuno ya kusini, mavuno yote mekundu ya shamba yaliuzwa kwa jina hilo badala ya jina kuu. Naiheshimu nyumba kwa uamuzi wa namna hiyo kuliko kwa medali yoyote.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Swali la kwanza ni la muda na la mahali pa kuhifadhi, na kwa wasomaji wengi wa lugha hii ndilo swali linaloamua. Beaucastel hudai miaka kumi au zaidi katika giza, kwenye joto lisilobadilika la nyuzi 12 hadi 14. Kabati la sebuleni Dar es Salaam au Mombasa, ambako joto hukaa karibu nyuzi 30 miezi mingi, litaupika mvinyo huo ndani ya mwaka au miwili, na mwenye nyumba atakuja kufungua kitu kinachonukia zabibu kavu na siki. Kama huna friji ya mvinyo au ghala baridi, usinunue Beaucastel changa kwa nia ya kungoja. Nunua iliyokwisha kungojwa na muuzaji unayemwamini, au nunua changa kabisa na uifungue mapema kabla haijajifunga. Vieux Télégraphe, kwa kuwa hudai subira ndogo, ni salama zaidi katika hali hiyo. Rayas nayo huweza kunywewa mapema kwa kuwa ukakasi wake ni laini, lakini kwa bei ile kuihifadhi katika joto ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu cha dhahabu.

Swali la pili ni la bei, na hapo kuna njia ya kando ambayo wengi hawaijui. Upande wa pili wa barabara kuu ya A7, mkabala na Beaucastel, familia ya Perrin ina shamba la takriban hekta 30 liitwalo Coudoulet de Beaucastel. Udongo wake unafanana na ule wa Beaucastel, lakini mpaka wa kisheria umeliacha nje, kwa hiyo linauzwa kwa jina la kawaida la Côtes du Rhône. Mourvèdre imo humo kwa kiwango kikubwa, pamoja na Grenache, Syrah na Cinsault, na mvinyo hutengenezwa na watu walewale. Bei yake huwa kama theluthi ya bei ya Beaucastel. Haufiki kina cha kaka yake, lakini tabia ya familia imo: zeituni, ngozi, matunda meusi. Anayetaka kujua kama ataipenda Beaucastel anunue chupa hii kwanza, kwa kuwa atakuwa amelipa kiasi kidogo kwa jibu la uhakika.

Hapo hapo kuna mtego wa lebo. Perrin pia huuza Châteauneuf iitwayo Les Sinards, mivinyo mingi yenye jina la Famille Perrin, na La Vieille Ferme ya bei rahisi ambayo hupatikana katika supamaketi za nchi nyingi. Hiyo ni mivinyo halali na mingine ni mizuri, ila si Beaucastel. Niliwahi kuuziwa chupa moja ya namna hiyo na muuzaji aliyeniapia kwamba "ni Beaucastel ileile ila lebo tofauti", nami nikalipa kwa sababu sikuisoma lebo mpaka nilipofika nyumbani. Chupa ya Beaucastel huandikwa Château de Beaucastel, na neno Châteauneuf-du-Pape lazima liwepo. Lisipokuwepo, unachoshika ni kitu kingine.

Kuhusu mwaka wa mavuno, tofauti kati ya nyumba hizi huongezeka mwaka unapokuwa wa joto kali. Mwaka 2003, joto lilipoiunguza Ulaya, Grenache nyingi za kusini zilipata kilevi kingi na ladha ya jamu, na katika miaka ya aina hiyo Mourvèdre, inayopenda jua, huipa Beaucastel nafuu. Miaka kama 2010 na 2016, iliyokuwa na uwiano mzuri, nyumba zote tatu zilifanya vizuri, na mtu akiikuta kwa bei ya haki asisite. Katika chupa za zamani, 1989 na 1990 ndizo zinazosifiwa sana kwa Beaucastel, ingawa ndimo pia ile harufu ya zizi niliyoitaja inapobishaniwa zaidi.

Mezani, Beaucastel inataka nyama yenye nguvu: mbuzi aliyechomwa, kondoo aliyepikwa polepole na vitunguu, hata swala kwa aliyenaye kihalali. Mafuta na chumvi ya nyama huulainisha ukakasi wake. Rayas huzidiwa na pilipili na moshi, kwa hiyo ipewe bata, kuku wa kienyeji wa kuokwa au uyoga. Vieux Télégraphe hula na wote. Mvinyo wowote katika hii mitatu usiletwe mezani katika joto la chumba cha pwani. Uwekwe katika friji mpaka ufike nyuzi 16 au 17, kwa sababu ukiwa moto kilevi hupanda puani na kufunika kila kitu.

Mara ya mwisho nilipofungua Beaucastel yenye miaka kumi na minne, niliimimina katika jagi la kioo saa mbili kabla ya chakula. Dakika za kwanza ilinuka kama banda la farasi lililofungwa usiku kucha, na mgeni mmoja akanitazama kwa huruma. Nyama ilipotoka jikoni harufu ile ilikuwa imepungua ikawa ngozi, nyuma yake zambarau kavu na majani ya chai. Mgeni yuleyule ndiye aliyeinamisha jagi kuangalia kama lilikuwa na tone lililobaki, akakuta machicha meusi tu.